Swichi Inayomwamini Kila Mtu

Leo nataka tuzungumze kuhusu kifaa ambacho huenda umekipita asubuhi hii bila kukitupia jicho. Ukiingia katika ofisi ya SACCOS, katika kituo cha afya, katika shule yenye maabara ya kompyuta, au katika duka la jumla lenye mashine mbili tatu za mauzo, kuna mahali, mara nyingi stoo au juu ya kabati la mafaili, pamewekwa kisanduku cha bati chenye matundu 8, 16 au 24. Kebo zimening'inia, vitaa vya kijani vinapepesa. Hiyo ndiyo swichi. Kila hesabu ya mkopo na kila jina la mgonjwa linalotoka kompyuta moja kwenda nyingine ndani ya jengo hilo linapita humo.

Ofisi zetu zimejifunza kuiogopa intaneti, na ni vizuri. Zinanunua programu za kuzuia virusi. Zinawaonya wafanyakazi wasibofye kila kiungo kinachotumwa WhatsApp. Lakini swichi inanunuliwa, inachomekwa, vitaa vinawaka, na fundi anaambiwa asante. Hakuna anayeuliza swali lolote zaidi. Mimi nasema hapo ndipo panapovuja. Swichi hutoka kiwandani ikiwa inamwamini kila mtu na kila kifaa, kwa sababu mtengenezaji anataka ifanye kazi dakika hiyo hiyo unapoitoa kwenye boksi. Kuiondolea imani hiyo ni kazi ya mnunuzi. Isipofanyika, fedha zote zilizotumika kujilinda na watu wa nje hazimzuii aliyekwisha kuingia ndani.

Tuone kwanza inavyofanya kazi. Kila kompyuta, kila printa, kila kamera ya ulinzi hutoka kiwandani na namba yake ya utambulisho inayoitwa anwani ya MAC. Namba hiyo ina biti 48, na biti 24 za mwanzo humtambulisha mtengenezaji, kwa mgawo unaosimamiwa na taasisi ya kimataifa ya wahandisi, IEEE. Swichi ikiwashwa kwa mara ya kwanza haijui nani yuko wapi. Mfikirie tarishi mgeni siku yake ya kwanza ofisini. Amepewa barua ya mhasibu, naye hajui mhasibu anakaa chumba gani, basi anatoa nakala na kuipeleka kila chumba. Lakini kila anapopokea barua kutoka chumba fulani anaandika kwenye daftari lake: fulani yuko chumba namba 5. Baada ya muda mfupi daftari linatosha, na barua ya mhasibu inakwenda kwa mhasibu peke yake. Swichi hufanya hivyo hivyo, na kifaa kisiposikika kwa muda, kwa swichi nyingi ni sekunde 300, jina lake linafutwa.

Angalia jambo moja hapo. Tarishi huyu hamuulizi mtu kitambulisho. Ukimwambia wewe ndiye mhasibu na umehamia chumba namba 9, anaandika namba 9.

Hali hiyo ina historia yake. Mwezi Mei 1973, Robert Metcalfe, akiwa katika maabara ya Xerox PARC kule Palo Alto, California, aliandika waraka ulioeleza namna ya kuunganisha kompyuta nyingi kwenye kebo moja. Ndio mwanzo wa Ethernet. Aliojenga mtandao huo kwa ajili yao walikuwa watafiti wanaofahamiana, wanaokula chakula jengo moja, na hakukuwa na sababu ya kushukiana. Baadaye vikaja visanduku vya habu, vilivyorudia kila ujumbe kwenye kila tundu. Mwaka 1990 kampuni ya Kalpana ya California ikatoa swichi ya kwanza ya Ethernet. Watu waliipenda kwa sababu iliongeza kasi: mashine zikaacha kugombania njia moja. Usiri haukuwa lengo. Usiri ulipatikana kama nyongeza, na nyongeza yenyewe ni dhaifu.

Nalisema hilo kwa sababu watu wengi, mafundi wakiwemo, huamini kwamba swichi ikishapeleka ujumbe kwa mhusika tu, basi hakuna wa kusikiliza ya mwenzake. Si kweli. Daftari la swichi lina mwisho. Swichi ndogo nyingi hubeba anwani zipatazo 8,000. Mtu mwenye kompyuta ya mkononi na programu inayopatikana bure anaweza kuimwagia swichi maelfu ya anwani za uongo kwa dakika moja. Daftari likijaa, swichi haizimi wala haipigi kelele. Inarudi kwenye tabia ya siku ya kwanza: ujumbe wa kifaa ambacho haina nafasi ya kukikumbuka inausambaza kila tundu. Na kuna njia ya kimya zaidi. Mtu huyo huyo anaweza kuzitangazia kompyuta zote za ofisi kwamba yeye ndiye ruta, ndiye njia ya kutokea nje. Kompyuta zinamwamini. Kuanzia hapo kila kinachokwenda intaneti kinapitia kwake kwanza, naye anakipeleka mbele ili asigundulike. Mwenye kompyuta haoni tofauti yoyote, labda mtandao kuwa mzito kidogo.

Dawa za mambo haya zipo, na zipo siku nyingi. Tatizo ni kwamba hazimo katika kila swichi. Dukani utakuta aina mbili. Ipo ile ya bei nafuu isiyo na mipangilio yoyote, ambayo kazi yake ni kuunganisha tu. Na ipo ile yenye mipangilio, ambayo fundi anaweza kuingia ndani yake na kuiambia nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi. Kwa nyumba yenye kompyuta mbili na runinga, ile ya kwanza inatosha kabisa. Kwa taasisi inayotunza fedha za wanachama au majalada ya wagonjwa, kununua ile ya kwanza ni kubana matumizi mahali pasipostahili. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote mbili zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Mganga mfawidhi au meneja wa SACCOS hatajitetea kwa kusema kwamba swichi yake haikuwa na uwezo huo.

Tuseme basi umenunua swichi yenye mipangilio. Fundi amefika. Je, afanye nini?

Kwanza asiichomeke kwenye mtandao wa ofisi. Akae nayo mezani, ikiwa peke yake, aiunganishe na kompyuta yake kwa kebo ya konsoli au kwa kebo ya kawaida, na aanze kwa kubadilisha neno la siri. Swichi nyingi hutoka kiwandani na jina la mtumiaji "admin" na neno la siri "admin", au bila neno lolote. Maneno hayo yamechapishwa kwenye vitabu vya maelekezo ambavyo dunia nzima inaweza kuvisoma. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilizunguka kwenye intaneti ikijaribu maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60 tu, na kwa hayo ikateka kamera na ruta kwa mamia ya maelfu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa kwa watu wengi. Mirai haikuhitaji ujanja wowote mkubwa. Ilipata njia kwa sababu vifaa vilikuwa bado na neno la kiwandani.

Neno jipya liwe refu, na kila fundi anayeruhusiwa kuingia awe na jina lake mwenyewe, ili siku mipangilio ikibadilika ijulikane nani aliyeigusa. Kuna neno jingine la siri linalosahaulika mara nyingi zaidi, la huduma ya SNMP, inayotumika kufuatilia hali ya swichi kutoka mbali. Swichi nyingi za zamani huja na neno "public" kwa ajili ya kusoma taarifa na "private" kwa ajili ya kuzibadilisha. Nimeona ofisi zilizobadilisha neno la "admin" kwa uangalifu mkubwa na kuliacha hilo la "private" pale pale, wazi. Kama huduma hiyo haitumiki, izimwe.

Halafu njia ya kuingilia. Njia ya zamani inaitwa Telnet. Ni ya mwaka 1969, na hupeleka kila kitu kama kilivyoandikwa, neno la siri likiwemo. Anayesikiliza kwenye waya analisoma. Mwaka 1995 Tatu Ylönen, mtafiti katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki nchini Ufini, alitengeneza SSH baada ya wavamizi kunasa maneno ya siri katika mtandao wa chuo chake. SSH hufunga mazungumzo yote kwa maandishi fiche. Tangu hapo hakuna sababu ya maana ya kuiacha Telnet ikiwa wazi. Mwezi Machi 2017, nyaraka za shirika la ujasusi la Marekani, CIA, zilipovuja, kampuni ya Cisco ilizipitia na kutangaza kwamba aina 318 za vifaa vyake, nyingi zikiwa swichi, zilikuwa na kasoro iliyoweza kumpa mvamizi mamlaka kamili kupitia Telnet. Ushauri wa kwanza wa Cisco, wakati marekebisho bado hayajawa tayari, ulikuwa mmoja: zima Telnet. Ofisi iliyokuwa imeizima zamani haikuwa na haja ya kukosa usingizi.

Mwaka uliofuata lilitokea jambo ambalo kila Afisa TEHAMA angepaswa kulijua. Swichi nyingi za Cisco zilikuwa na huduma ya kurahisisha ufungaji, iliyoitwa Smart Install. Iliwekwa ili swichi mpya ijipangie yenyewe kutoka kwa swichi nyingine, bila fundi kufika. Huduma hiyo haikumtaka anayeiamrisha aonyeshe kitambulisho, na ilibaki wazi hata baada ya ufungaji kwisha. Tarehe 6 Aprili 2018, watu wasiojulikana waliitumia kuvamia swichi nchini Urusi na Iran na nchi nyingine. Walifuta mipangilio, na badala yake wakaacha picha ya bendera ya Marekani iliyochorwa kwa herufi, pamoja na onyo la kutoingilia uchaguzi wao. Serikali ya Iran ilisema swichi zipatazo 200,000 duniani ziliguswa, na 3,500 kati ya hizo zilikuwa Iran. Vituo vya data vilizimika. Cisco ilikuwa imekwisha kutoa marekebisho wiki moja hivi kabla. Kwa hiyo nayaweka pamoja mambo mawili: programu ya ndani ya swichi isasishwe kabla haijaanza kazi na ikaguliwe mara kwa mara baada ya hapo, na kila huduma ambayo ofisi haiitumii ifungwe, hata kama fundi hajui ni ya nini. Hasa kama hajui ni ya nini.

Sasa tuje kwenye matundu. Swichi ya matundu 24 katika ofisi yenye kompyuta 11 ina matundu 13 yasiyo na kazi, na kila moja linampokea yeyote atakayechomeka kebo. Ongeza soketi za ukutani: ile ya chumba cha mikutano, ile ya mapokezi nyuma ya kiti cha wageni, ile ya chumba kilichokuwa cha katibu muhtasi kabla hajahamishwa. Mgeni anayesubiri kumwona meneja anaweza kukaa, kuchomeka, na kuwa ndani ya mtandao wa fedha kabla hajaitwa.

Kama unadhani haya ni mambo ya ofisi ndogo zisizo na wataalamu, sikiliza habari ya NASA. Maabara yake ya Jet Propulsion Laboratory, iliyoko Pasadena, California, ndiyo inayoongoza vyombo vinavyotembea kwenye sayari ya Mars. Mwaka 2018 iligundulika kwamba wavamizi walikuwa wamo ndani ya mtandao wake kwa miezi kama kumi, na walikuwa wamechukua data ya megabaiti 500 hivi. Walipata njia kupitia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kifaa kinachotosha kwenye kiganja na ambacho hununuliwa kwa bei nafuu. Kilikuwa kimeunganishwa kwenye mtandao bila kibali. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa NASA ya Juni 2019 ilieleza kwamba orodha ya vifaa vilivyomo kwenye mtandao haikuwa kamili, kwa hiyo hakukuwa na njia rahisi ya kujua kwamba kimoja kimezidi. Taasisi yenye mabingwa wa sayansi ya anga ilishindwa kwa kukosa orodha.

Hapa kazi ya fundi si ngumu. Kila tundu lisilotumika lizimwe ndani ya mipangilio. Kuchomoa kebo peke yake hakutoshi. Kwa matundu yanayotumika, swichi iambiwe ikubali anwani moja au mbili tu kila tundu, na ikiona nyingine ilizime. Hilo peke yake linaua ule ujanja wa kumwaga maelfu ya anwani za uongo. Si kinga kamili, maana anwani ya MAC inaweza kughushiwa, na taasisi kubwa zaidi zifikirie utaratibu wa 802.1X, unaomtaka kila mtumiaji ajitambulishe kabla tundu halijafunguka. Lakini kwa kituo cha afya cha wilayani, kuzima matundu matupu na kuweka kikomo cha anwani ni kazi ya alasiri moja, na inampunguzia mvamizi nafasi kuliko programu nyingi zinazouzwa kwa bei kubwa.

Kuna kosa jingine ambalo naliona karibu kila ninapokwenda: kila kitu kimewekwa pamoja. Kompyuta ya mhasibu, kamera za ulinzi, printa, Wi-Fi ya wageni na simu ya mlinzi vyote vinaonana. Swichi yenye mipangilio inaweza kugawanywa kuwa mitandao kadhaa inayojitegemea ndani ya kisanduku kile kile. Utaratibu huo unaitwa VLAN, na kiwango chake kilipitishwa mwaka 1998. Fundi anasema matundu haya ni ya fedha, haya ni ya kamera, haya ni ya wageni. Na wa kundi moja hamfikii wa kundi jingine isipokuwa kwa kupitia ruta yenye masharti. Swichi nyingi huanza na matundu yote katika VLAN namba 1, na hapo ndipo nyingi hubaki maisha yao yote. Mlango wa kuisimamia swichi yenyewe nao uwekwe katika kundi lake, ili mwanafunzi aliyeko maabara asiweze hata kuuona ukurasa wa kuingilia.

Kampuni ya maduka ya Target nchini Marekani ililijua hilo kwa gharama kubwa. Mwishoni mwa mwaka 2013 wavamizi waliiba namba za kadi za benki zipatazo milioni 40 za wateja wake. Hawakuanzia kwenye mashine za malipo. Walianza kwa kuiba neno la siri la mkandarasi wa majokofu na viyoyozi aliyekuwa na ruhusa ya kuingia kwenye mfumo wa kampuni kwa ajili ya kazi zake, na kutoka hapo wakapata njia hadi kwenye mashine za kupokelea kadi. Uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya Bunge la Seneti ulionyesha kwamba sehemu nyeti za mtandao hazikuwa zimetengwa ipasavyo. Mkandarasi wa majokofu hakuwa na sababu yoyote duniani ya kuwa njia moja na fedha za wateja. Na mimi nauliza, kamera ya getini ina sababu gani ya kuwa njia moja na majalada ya wagonjwa?

Si kila madhara hutoka kwa adui, na katika ofisi zetu mengi hutoka kwa watu wema. Mfanyakazi anaona Wi-Fi haifiki chumbani kwake, analeta ruta yake ya nyumbani na kuichomeka kwenye soketi ya ukutani. Ruta za nyumbani zimeumbwa kugawa anwani za IP, namba ambazo kompyuta hupewa na mtandao ili ziwasiliane, kwa kila anayeomba. Asubuhi inayofuata, kompyuta zinazowashwa zinaomba anwani, na kwa kawaida kompyuta hukubali jibu la kwanza linalofika. Baadhi zinajibiwa na ruta halali, baadhi zinajibiwa na ile ya mfanyakazi. Waliojibiwa na ya mfanyakazi hawaoni mfumo wa ofisi wala printa. Waliobaki wanafanya kazi bila shida. Na kwa kuwa anayekuwa salama mara nyingi ni yule ambaye hakuzima kompyuta jana, fundi anaitwa, anajaribu kwenye hiyo, anasema mtandao ni mzima. Siku nzima inapotea hivyo, wagonjwa wako kwenye foleni, na mapokezi wameanza kuandika majina kwenye madaftari. Swichi ikiwa na kinga iitwayo DHCP snooping, hili halitokei. Fundi huitajia tundu moja tu, lile linalotoka kwenye ruta halali, kwamba ndilo lenye haki ya kugawa anwani. Jibu lolote la aina hiyo likitoka tundu jingine linatupwa. Kinga hiyo pia huiachia swichi orodha ya nani amepewa anwani gani, na orodha hiyo ndiyo inayotumika kumnasa yule anayejidai kuwa ruta, niliyemtaja mwanzoni. Kwa swichi nyingi ni mistari michache ya maagizo. Sielewi kwa nini inaachwa.

Mtu mwingine mwema anakuta kebo imelala sakafuni, ncha moja imechomekwa ukutani, nyingine haina pa kwenda. Anaichomeka kwenye soketi ya pili. Sasa swichi imeunganishwa na nafsi yake. Ujumbe unaokusudiwa kwa wote unatoka tundu moja, unaingia la pili, unasambazwa upya, unatoka tena. Pakiti za intaneti zina kihesabio kinachoziua baada ya kupita ruta nyingi mno. Fremu za Ethernet, yaani ujumbe unaopita ndani ya swichi, hazina. Zinazunguka na kuongezeka mpaka swichi inazidiwa, na jengo zima linanyamaza. Mwaka 1985 Radia Perlman, mhandisi katika kampuni ya Digital Equipment Corporation, alibuni utaratibu unaoitwa spanning tree, unaoziwezesha swichi kuambiana njia zilizopo na kufunga zile zinazorudi nyuma. Swichi nyingi zenye mipangilio zinao, ila uhakikishwe kwamba umewashwa, na kwamba matundu ya watumiaji wa kawaida yamekatazwa kupokea swichi nyingine.

Hata utaratibu huo una mipaka. Novemba 2002, mtandao wa hospitali kubwa ya Beth Israel Deaconess mjini Boston ulianguka na kusumbua kwa takriban siku nne. Ulikuwa umepanuliwa kipande kwa kipande kwa miaka, hospitali mbili zikiwa zimeungana, hadi swichi zilizofuatana zikavuka kikomo cha saba ambacho spanning tree ilikusudiwa. Programu ya mtafiti mmoja ilipomwaga data nyingi kwa mara moja, swichi zikashindwa kuelewana kuhusu njia zilizofungwa, na mzunguko ukaanza. Madaktari wakarudi kwenye karatasi, na makarani wakakimbia koridoni na majibu ya maabara mkononi. Mkuu wa TEHAMA wa hospitali hiyo, John Halamka, alifanya jambo ninaloliheshimu sana: alieleza hadharani kilichotokea ili hospitali nyingine zijifunze. Nawasihi wanaoongeza swichi ndogo chini ya meza, moja ikining'inia kwenye nyingine, wamkumbuke. Chora ramani ya mtandao wako. Ukishindwa kuichora, umekwisha kuwa mkubwa kuliko unavyoweza kuusimamia.

Kisanduku chenyewe nacho kinahitaji mahali. Swichi nyingi zina kitufe ambacho mtu akikibana kwa sekunde kadhaa hurudi hali ya kiwandani, na maneno yote ya siri yanafutika. Kwa hiyo kabati lenye kufuli si anasa. Liwe na matundu ya hewa, maana joto la Dar es Salaam au Mombasa ndani ya stoo isiyo na dirisha huua swichi kabla ya wakati, na liwe na UPS yake.

Na neno la siri analijua nani? Katika ofisi nyingi jibu ni "yule kijana aliyekuja kufunga". Kijana amehamia mkoa mwingine, na namba yake haipatikani. Swichi ni mali ya taasisi, na neno lake la siri ni mali ya taasisi. Liandikwe, litiwe kwenye bahasha, lifungwe, lihifadhiwe kwenye kasha pamoja na hati nyingine, na kando yake iwekwe nakala ya mipangilio yote na orodha ya tundu lipi ni la nani. Fundi akiondoka kazini, neno libadilishwe siku hiyo hiyo. Hilo halitaki ujuzi wa kompyuta, linamtaka mkuu wa ofisi aamue kwamba ni jukumu lake.

Lipo la mwisho, nalo huwapata hata mafundi wazuri. Katika swichi nyingi mipangilio unayoiandika inafanya kazi papo hapo, lakini inakaa kwenye kumbukumbu ya muda mpaka utoe agizo la kuihifadhi. Fundi akisahau agizo hilo moja, kila kitu kitaonekana sawa kwa wiki nzima. Umeme ukikatika usiku, na sote tunajua unakatika, swichi inaamka asubuhi kama ilivyotoka kwenye boksi: matundu yote wazi, wote kundi moja, neno la siri "admin". Mtandao utafanya kazi, na hakuna atakayejua kwamba kinga haipo tena. Kwa hiyo fundi anapokuambia amemaliza, usitie saini. Mwombe achomoe swichi kwenye umeme mbele yako, aichomeke tena, asubiri vitaa vitulie. Kisha aweke kompyuta yake kwenye tundu alilosema amelifunga. Ikikataliwa, mlipe. Ikipokelewa, akae aanze upya.